Sudan: misaada hukwama wapi hasa, na sisi wa Mombasa tuchange kwa njia gani?

Binti_Kibokoni aliandika:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina swali na naomba nijibiwe na wanaojua, matusi ya kisiasa tuyaweke kando leo.

Sisi kina mama wa mtaani (wengi ni wa Kibokoni na Kuze, na wachache wa Majengo) tulianza kuchanga za Sudan tangu ile wiki RSF, wale wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, walipoingia El Fasher, mji wa Darfur magharibi mwa Sudan, Oktoba 2025. Ile habari ya hospitali ya wazazi ya Saudi, WHO, shirika la afya la Umoja wa Mataifa, wakisema wamepata ripoti watu zaidi ya 460 wameuliwa mle ndani, wagonjwa na waliokuja kuwauguza, wallahi mimi usiku ule sikulala. Tukasema tusikae tu kusambaza vidio na kulia, tutoe. Pesa zipo kiasi, si nyingi, lakini zimetoka kwa watu ambao wenyewe wauza viazi vya karai na mahamri alfajiri, kwa hivyo sitaki hata shilingi moja ipotee.

Sasa hapa ndo nimekwama. Nikisoma naona mikutano mikubwa mikubwa. Paris, Aprili 2024, ziliahidiwa zaidi ya yuro bilioni 2. London, Aprili 2025, mkutano mwengine. Umoja wa Mataifa nao kila mwaka watoa maombi. Lakini watu wa El Fasher walizingirwa zaidi ya siku 500 mpaka wakawa wala mashudu ya njugu, yale apewayo ng'ombe, na ulimwengu mzima watazama kwenye simu. Je pesa zaahidiwa hazitolewi? Au zatolewa zaliwa njiani? Au chakula kipo na barabara ndo zimefungwa? Mume wangu asema dunia haimjali mtu mweusi, na hilo siwezi kumkatalia lakini pia sitaki liwe ndo jibu lote, manake nikishasema hivyo nitakaa tu nifanye nini.

La pili, tutoe wapi? Wengine kwenye grupu wataka tupeleke kwa mashirika makubwa, wengine wasema kuna vijana wa Sudan wenyewe wapika chakula mitaani na hao ndo wa kusaidia. Na kuna mmoja atafuta kontena tujaze nguo. Nisaidieni.

---

karani_kilindini:

Dada, umeuliza vizuri, manake wengi hudhani meli ya msaada ikishafunga nanga basi kazi imekwisha. Mimi kazi yangu ni mizigo ya transiti, na kwa miaka mingi nimeshughulikia mahindi na mafuta ya kupikia ya msaada yanayoshuka hapa kwenda Sudan Kusini na Uganda, kwa hivyo nakwambia kwa lugha ya bandarini: mzigo haukwami baharini, hukwama kwenye makaratasi na barabarani.

Pesa kwanza, nitasema kwa kifupi kwa sababu hapo jibu ni wazi. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa (UN) waliomba dola bilioni 4.2 kwa ajili ya ndani ya Sudan peke yake, na mwaka ukaisha hata nusu haijapatikana. Marekani ndo alikuwa mtoaji mkubwa kuliko wote na Januari 2025 akafunga mfereji ghafla. Kwa hivyo ndio, zaahidiwa na nyingi hazifiki, na zikifika zachelewa.

Lakini hata zingefika zote. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la Burhan kwa upande mmoja na RSF ya Hemedti upande mwengine, na tangu mwanzo pande zote mbili walijua kwamba ukishika ruhusa ya lori umeshika tumbo la adui. Kuna azimio la Baraza Kuu la UN, namba 46/182 la mwaka 1991, lasema msaada huingia kwa ridhaa ya nchi yenyewe. Nchi ni nani? Kwa UN ni serikali inayotambuliwa, yaani ile ya jeshi, iliyohamia Port Sudan vita vilipoanza mpaka ikarudi Khartoum Januari 2026. Basi shirika likitaka kupeleka chakula Darfur ni liombe viza za wafanyakazi kwa serikali hiyo, liombe kibali cha safari, kibali cha mzigo, alafu likivuka mstari wa vita laanza upya kwa RSF ambao nao wameunda ofisi yao ya misaada na vibali vyao. Hebu fikiria kila kibali chaweza kukaa wiki nzima na hakuna mtu wa kumuuliza.

Sasa tazama ramani. Kutoka Port Sudan hadi Darfur ni zaidi ya kilomita elfu moja, na ukivuka katikati ya mapigano. Lakini kutoka Chad kuna kivuko cha Adre, ni mpakani kabisa, lori lavuka tu liko Darfur. Februari 2024 serikali ikakataza Adre isitumiwe, ikisema RSF wapitisha silaha hapo. Miezi ikapita hivyo. Agosti 2024 ikafunguliwa, na mwezi huo huo ndo wataalamu wa IPC, wale wanaopima njaa duniani, wakathibitisha kwamba kambi ya Zamzam karibu na El Fasher imeingia kwenye baa la njaa, kambi yenye watu kama laki 5. Na Agosti ni katikati ya masika ya kule, mvua zapiga kuanzia Juni hadi Septemba, mabonde yajaa maji, trela lazama kwenye tope mpaka ekseli. Yaani mlango ulifunguliwa wakati barabara imejifunga yenyewe. Hiyo miezi ya kiangazi iliyopotezwa mimi ndo huniuma zaidi kuliko yote, kwa sababu chakula kilikuwepo na malori yalikuwepo na barabara ilikuwa kavu.

Baadaye kidogo, Desemba 2024, IPC walipokuwa karibu kutangaza kwamba njaa imeenea sehemu zaidi, serikali ikajitoa kwenye huo mfumo wa upimaji na kukataa kwamba kuna baa la njaa.

Upande wa RSF nao hakuna cha kuwatetea. Waliuzingira El Fasher tangu Mei 2024, baadaye wakauzungushia tuta la udongo ili mtu asitoke na gunia lisiingie. Juni 2025 msafara wa malori 15 ya WFP, shirika la chakula la UN, na UNICEF, lile la watoto, ulitoka Port Sudan, ukatembea kama kilomita 1,800, ukafika Al Koma, kilomita kama 80 tu kabla ya El Fasher, ukiwa wasubiri ruhusa ya kuingia. Usiku ukashambuliwa. Watu 5 wakafa na malori yakaungua na chakula ndani. Madereva wenzetu hao, watu wa kazi tu kama hawa tunaowaona wamepanga foleni Changamwe.

Na kuhusu dunia kutazama: haikunyamaza, ilisema bila mkono. Juni 2024 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2736 likiitaka RSF iondoe mzingiro El Fasher. RSF hawakuondoa na hakuna aliyewafanya kitu. Novemba 2024 Uingereza na Sierra Leone wakaleta azimio la kutaka mapigano yasimame na raia walindwe, nchi 14 kati ya 15 zikakubali, Urusi ikapiga kura ya turufu, likafa hapo hapo. Na Baraza hili hili lingeweza kuruhusu misaada ivuke mpaka bila ridhaa ya serikali, lilishafanya hivyo Syria mwaka 2014. Kwa Sudan halikufanya. Juu ya hayo kikosi cha kulinda amani Darfur, UNAMID, muda wake uliisha Desemba 2020, na ile ofisi ya kisiasa ya UN nchini Sudan ikasitishwa Desemba 2023 kwa matakwa ya serikali, vita vikiwa vyawaka. Kwa hivyo raia walipobaki na RSF mlangoni hapakuwa na hata askari mmoja wa kofia ya buluu karibu.

---

Mpwani_wa_Tononoka:

Karani umeeleza vizuri sana ila naona umeacha kitu, silaha zatoka wapi? Mtu hawezi kuzingira mji mwaka mzima na nusu kwa risasi za kununua sokoni. Ripoti ya wataalamu wa UN ya mwanzoni mwa 2024 ilisema madai kwamba silaha za RSF zapitia Chad mashariki kutoka Imarati (UAE) ni ya kuaminika. Imarati wamekataa tangu mwanzo mpaka leo. Sudan ikawapeleka ICJ, mahakama ya UN inayoamua kesi baina ya nchi, Machi 2025 kwa madai ya kusaidia mauaji ya halaiki ya Wamasalit, kabila moja la Darfur, Mei ikatupwa kwa kuwa mahakama haina mamlaka juu yao kwenye kesi hiyo, hata ushahidi haukufikiwa kusikilizwa. Na jeshi nalo lina wa kulisaidia, msidhani liko peke yake.

Alafu angalia wanaokaa kupanga amani. Septemba 2025 nchi nne zilitoa tamko la kutaka vita visimame miezi mitatu misaada iingie: Marekani, Saudia, Misri na Imarati yenyewe. London Aprili 2025 waliokutana walishindwa hata kukubaliana tamko moja la mwisho kwa sababu hawa hawa Saudia, Misri na Imarati hawakuelewana. Vikwazo vya silaha vya UN vipo tangu 2004 lakini ni vya Darfur tu, si Sudan nzima, na hata hivyo vya Darfur navyo hakuna avifuatae. Mimi nasema hivi, kupeleka unga huku mwengine apeleka droni ni kazi isiyoisha. Tuchange, sawa, mimi mwenyewe nitatoa, lakini tuwaulize wabunge wetu na serikali zetu pia, kwa sababu hizo ndege na dhahabu za Darfur hupita kwenye viwanja vya ndege vya watu wanaojulikana.

---

Bi_Mkubwa_Likoni:

Mwanangu Binti Kibokoni, Mungu awalipe wewe na wenzio. Mimi niongeze la wazee kwa sababu nyinyi wengi hamkuwepo.

Somalia ilipovunjika 1991 watu walikuja hapa kwa majahazi, tukawaona wateremka na watoto na hawana kitu, Wabarawa, Wabajuni, watu wa Mogadishu waliokuwa na maduka na nyumba za ghorofa. Kambi ziliwekwa hapa hapa kwetu, Utange, na ile ya Swaleh Nguru na nyenginezo, mpaka zilipofungwa miaka ya katikati ya tisini na watu kupelekwa Dadaab na Kakuma, wengine wakarudi. Mombasa ndo ilisaidia mwanzo, kabla ya shirika lolote. Misikiti ilitoa, Wahindi walitoa, wanawake walipika. Kwa hivyo hayo mnayofanya si mageni kwenye mji huu.

Alafu Agosti 1992 tukaona ndege za kijeshi za Marekani zajaa uwanja wa Moi, zile kubwa za mizigo, zabeba chakula kwenda Somalia na Wajir huko. Kila siku zapaa na kushuka juu ya vichwa vyetu. Desemba wakapeleka majeshi yenyewe Mogadishu. Nataka vijana mjue kwamba dunia ikitaka yaweza, na yaweza haraka. Lakini mjue pia walichelewa sana, maelfu kwa maelfu walikuwa washakufa njaa Baidoa na Bardera, na Oktoba 1993 walipouliwa askari 18 wa Kimarekani Mogadishu wakaanza kufunga virago, Machi 1994 wakaondoka, UN nao Machi 1995. Na tangu siku ile mataifa makubwa yaogopa kutia mguu Afrika. Mwezi uliofuata baada ya Wamarekani kuondoka Mogadishu ndo Rwanda ikawaka na hakuna aliyekwenda kwa wakati. Mimi huona Sudan ya leo yalipia woga ule ule. Mume wako aliyesema kwamba hawamjali mtu mweusi hakosei, ila hilo halitoshi, kuna woga na kuna biashara.

Na msisahau meli ya MV Semlow, 2005, ilitoka hapa hapa Kilindini mwezi wa Juni na tani 850 za mchele wa WFP, mchele uliotolewa na Japani na Ujerumani kwa ajili ya waliopigwa na tsunami kaskazini mwa Somalia. Ikatekwa na maharamia, mabaharia wakashikwa zaidi ya miezi mitatu, na kuna familia hapa mjini zilikesha kipindi chote kile. Baada ya hapo mambo yalizidi kuharibika mpaka mwisho wa 2008 Ulaya walipoleta manowari zao kusindikiza meli za chakula. Tazama basi: meli zao za biashara zilipoguswa, manowari zilipatikana. Msafara wa malori wa huko Darfur nani atausindikiza?

---

Binti_Kibokoni:

Bi Mkubwa shikamoo, na shukran sana. Babangu alikuwa akihadithia za Utange lakini sikujua za zile ndege. Karani, hii ya Adre sikuwa najua kabisa, nimeisoma kwa sauti hapa mbele ya kina mama, mmoja akauliza mbona basi wasiweke sheria kwamba anayefunga njia ya chakula ashtakiwe?

---

karani_kilindini:

Sheria ipo dada. Kuwaua raia kwa njaa kama silaha ya vita ni uhalifu wa kivita, na ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ina mamlaka Darfur tangu Baraza la Usalama lilipoipelekea kesi hiyo 2005. Shida ni muda. Ali Kushayb, kamanda wa Janjaweed, wanamgambo wa zamani wa Darfur, alikutwa na hatia Oktoba 2025 kwa mambo aliyoyafanya 2003 na 2004. Zaidi ya miaka ishirini. Kuna wengine walioingia El Geneina, mji mwengine wa Darfur, 2023 na El Fasher 2025 ambao kwa mwendo huo watahukumiwa wakiwa vikongwe. Lakini hukumu ile ina maana yake, manake RSF ilitokana na Janjaweed hao hao, na kuna mashahidi waliosubiri miaka yote hiyo kusimama na kusema.

---

majani_ya_mnada:

Niaje wadau. Mimi niko kwenye chai, maghala ya Shimanzi, na Sudan ilikuwa soko kubwa letu, Wasudani wanakunywa chai ya Kenya kuliko watu wengi wanavyojua. Februari 2025 RSF na wenzao walikutana Nairobi, KICC, wakatia saini mkataba wao wa kuunda serikali. Serikali yetu ikasema imewapa tu ukumbi wa mazungumzo. Serikali ya jeshi ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya. Kuna watu hapa mjini walikuwa na kontena baharini tayari, zingine bandarini, na vibarua wa kupakia wakakaa bila kazi.

Lakini si chai iliyonileta kuandika. Nataka kusema kwamba Kenya ilikuwa na jina. Ile amani ya Sudan Kaskazini na Kusini ilifanyiwa kazi hapa kwetu, Machakos 2002, Naivasha, Jenerali Sumbeiywo akakaa nao miaka wakilaumiana mbele yake, mpaka wakatia saini Nairobi Januari 2005. Jina hilo lilijengwa kwa kukaa katikati. Vita hivi vipya vilipoanza IGAD, jumuiya ya nchi za huku kwetu na Pembe ya Afrika, ikampa Rais Ruto aongoze upatanishi na jeshi likamkataa toka 2023 likisema ana upande. Uwe unaamini au huamini, mpatanishi akishakataliwa na mmoja hana kazi tena pale. Kwa hiyo majirani walioweza kuongea na wote wawili wamepungua, na hapo ndo mambo yote yameachiwa nchi za mbali zenye maslahi ya dhahabu na bandari za Bahari ya Shamu. Mimi naumia kama Mkenya. Tungekuwa na nafasi ya kuwaambia wote wawili wafungue barabara, na tumeipoteza. Natamani viongozi wetu wairudishe, hata kama itabidi kuwaendea hao wa jeshi kuongea kwa upole.

---

Sista_Tudor:

Nimechelewa kuiona hii. Nitajibu lile swali la pili kwa kuwa nimekuwa karibu na wanafunzi wa Kisudani hapa Mombasa na kupitia kwao nimejua kidogo vile hayo majiko yanavyoendeshwa.

Hao vijana waitwa vyumba vya dharura, yaani kamati za mtaa. Wengi wao walikuwa kwenye zile kamati zilizoandamana 2018 na 2019 mpaka Rais Bashir akang'oka. Vita vilipoanza wafanyakazi wa kigeni waliondolewa Sudan kwa ndege na meli, na hawa wakabaki kwa sababu ni mitaa yao. Walianza kwa kuhamisha majirani kutoka kwenye risasi, kutafuta insulini, kurudisha maji, alafu wakaanzisha majiko wanayoyaita takaya. Sufuria kubwa moja, dengu au uji wa mtama, familia mia kadhaa zapanga foleni na vibakuli. Hakuna gari lenye bendera, hakuna ofisi. Mtu wa mtaa ajua nani ni mgonjwa na nani hajatoka ndani siku mbili. Mwaka 2025 walipewa tuzo ya haki za binadamu ya Rafto kule Norway na walistahili kabisa.

Pesa zawafikia kwa njia ya simu, Wasudani watumia Bankak, ambayo ni ya Benki ya Khartoum, fikiria kama M-Pesa yao. Wa nje atuma kwa ndugu, ndugu arusha kwa Bankak, jiko lanunua kwa mfanyabiashara aliyebaki na stoo. Februari 2024 netiweki ilipozimwa karibu nchi nzima majiko mengi yakasimama, chakula kipo dukani na watu wana pesa kwenye simu na hakuna wa kulipa. Tangu hapo wengine watumia setilaiti. Darfur kupata noti mkononi ni shida na kamisheni yake ni kubwa sana, kwa hivyo msishtuke mkiambiwa sehemu ya pesa imeliwa na ubadilishaji. Hilo si wizi, ndo gharama ya pale.

Marekani ilipositisha misaada Januari 2025 majiko mamia yalifungwa ndani ya wiki chache, kwa kuwa mengi yalikuwa yapata pesa zake kupitia mashirika yaliyofadhiliwa na USAID. Hapo ndo utaona kwamba wale wanaosema tuwaache WFP tuwape vijana, au tuwaache vijana tuwape WFP, wote wawili hawajaona picha nzima. Jiko halilimi. Dengu na unga wa kulisha mji lazima uje na malori, na hakuna grupu ya mtaa duniani iwezayo kuleta maelfu ya tani. Na WFP nao hawana mtu ndani ya mtaa uliozingirwa. Nyinyi kwa kiasi chenu kidogo nawashauri mpeleke kwa majiko, kwa kuwa pesa ndogo kwao ni sufuria nzima ya leo, lakini msiache kupiga kelele kuhusu barabara na bajeti za mashirika makubwa.

Yule wa kontena la nguo mwambieni kwa upendo aache. Kulisafirisha ni ghali kuliko zile nguo, litakaa Port Sudan likisubiri vibali alivyovieleza karani, na Port Sudan yenyewe ilijaa wakimbizi na droni zimeshaipiga Mei 2025. Uzeni hizo nguo Kongowea mpate pesa, mtume pesa.

Kitu kimoja nawaomba sana sana. Msiposti majina wala picha za wanaopika. Vijana hawa wamekamatwa na pande zote mbili, wamepigwa, wengine wameuliwa, kila upande waona anayewalisha watu wa upande wa pili ni jasusi. Mkitaka ushahidi ombeni picha ya sufuria, ya risiti, ya foleni kwa nyuma, nyuso zisionekane. Na muwe macho na wanaotuma namba za M-Pesa kwenye posti za El Fasher zenye picha za watoto, nyingi ni matapeli, picha zenyewe wakati mwengine si za Sudan hata. Pitieni kwa mtu mnayemjua kwa sura ambaye ana ndugu kule, au kwa mtandao wa vyumba vya dharura wenyewe, na ulizeni jiko liko mji gani, lalisha nani, na mara ngapi kwa wiki. Mkweli atajibu.

---

Binti_Kibokoni:

Sista, Mungu akuweke. Tumekubaliana majiko, na kontena limekufa leo asubuhi hii hii kwenye grupu, mwenye wazo mwenyewe amekubali kuuza. Kuna dada Msudani twaswali naye Mlango wa Papa, mamake alikimbilia Tawila kutoka El Fasher, tutaanzia kwake. Asema Tawila imejaa laki za watu waliokimbia, wengi walifika kwa miguu, na kipindupindu kilishawapiga 2025. Swali la mwisho, tutume zote mara moja au kidogo kidogo?

---

karani_kilindini:

Nyingi kabla ya Juni. Mvua zikianza Darfur bei za vyakula hupanda kwa sababu malori hayapiti, na mwenye jiko akiwa na pesa Aprili na Mei hununua magunia ya mtama na dengu mapema akaweka stoo kwa bei ya kiangazi. Bakisheni kiasi cha kuwatumia kila mwezi kwa ajili ya maji, kuni na chumvi. Na mwambieni huyo dada aulize kwanza kama pale mamake alipo kuna jiko karibu na lina stoo ya kufungika, manake kama hakuna pa kuweka, magunia mengi kwa pamoja yawatia hatarini wao wenyewe.

---

Sista_Tudor:

Sawa kabisa alivyosema karani. Binti nitumie ujumbe wa pembeni, kuna mwanafunzi mmoja hapa Tudor ana binamu yake kwenye jiko la Tawila, nikuunganishe na huyo dada wa Mlango wa Papa waongee wenyewe kwa Kiarabu kabla hamjatuma chochote.